Rimoti ya mkononi kwa CNC ndogo: gurudumu la waya, la betri, au pedi ya gemu?

seremala_usiku (mwanzisha mada)

Habari za jioni wakuu. Nina CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) ya meza ya sentimita 60 kwa 40, bodi ni Arduino Uno yenye GRBL 1.1, programu inayoendesha mota. Nachonga milango ya makabati na vibao vya majina. Nimechoka kukimbia kati ya kompyuta na meza: nabonyeza mshale, naenda kuchungulia biti (kisu kinachochonga), narudi kubonyeza tena. Jumamosi nilibonyeza Z, mhimili wa juu na chini, kwenda chini nikidhani ni juu. Biti ya milimita 3 ikazama kwenye mninga, ikakatika palepale.

Nataka kitu cha kushika mkononi huku macho yako kwenye biti. Nimeona gurudumu la waya la kuzungusha ili mashine isogee, lenye kliki 100 kwa mzunguko, nimeona lile la betri lenye kioo kidogo, na mwanangu ana pedi ya gemu haitumii. Kipi ninunue, au nijitengenezee?

fundi_spana

Mkuu, kabla hujatuma hela: gurudumu la waya halichomekwi moja kwa moja kwenye Uno yenye GRBL. Lenyewe linatoa mapigo tu, A na B, yaliyopishana kidogo ili bodi ijue unazungushia kulia au kushoto. GRBL haina mahali pa kuyapokea. Wenye LinuxCNC au Mach3, programu za kuendesha CNC kutoka kwenye kompyuta, wanaliunganisha kwenye bodi yao ya kupokelea nyaya na maisha yanaendelea. Wewe utahitaji bodi nyingine katikati, ihesabu kliki na kuzigeuza kuwa amri za `$J=`, zile za GRBL za kusogeza mashine kwa mkono.

Ila kwa mkono, hakuna kinacholishinda. Swichi ya kipimo ukiiweka x1, kliki moja ni milimita 0.001, x10 ni 0.01, x100 ni 0.1. Unashusha Z juu ya kipande cha karatasi, unahesabu kwa kidole, karatasi ikianza kukwama umefika. Huhitaji hata kutazama kioo.

Ukinunua, chukua lenye nyaya sita (mbili za umeme, kisha A, B na kinyume cha kila moja), usichukue la nyaya nne. Mimi nilianza na la nne, nikapitisha kebo kando ya waya wa inverta ya spindo (mota inayozungusha biti). Spindo ikiwaka, X inatembea yenyewe bila mtu kugusa. La nyaya sita pamoja na kipokezi chake linafuta kelele ile, na kebo iwe yenye ngao, ngao ifungwe ardhini upande mmoja tu.

mama_vibao

Mimi natumia la betri, aina ya XHC, kwenye LinuxCNC. Uhuru wake mtamu: nazunguka meza yote, na kioo kinanionyesha X, Y na Z papo hapo. Kasoro yake ni kuchelewa kidogo. Ukizungusha haraka baadhi ya kliki hupotea, kwa hiyo kwa kazi ya karatasi kama ya fundi_spana nenda taratibu.

Lakini kile kitufe chekundu kilichoko juu yake msikiite cha dharura. Kinapita hewani, kinaingia kwenye USB, kinapita kwenye programu, ndipo mashine isikie. Betri ikifa hakuna kinachosikika. Uyoga mwekundu wa kweli, yaani kitufe cha dharura, ufungwe kwa waya kwenye fremu, mguso wake uwe umefungika wakati wa kazi, nao ukate umeme wa mota na spindo kupitia kontakta (swichi kubwa inayovutwa na umeme). Waya ukikatika, mashine isimame.

pwani_cnc

Salaam kutoka Mombasa. Kwa GRBL mimi naona pedi ya gemu ndiyo njia ya mkato. gSender, programu ya kompyuta ya kutuma amri kwa GRBL, inaitambua, unapanga vitufe unavyotaka, hulipi kitu kama ipo nyumbani. Sharti langu moja: panga kitufe cha bega kiwe ruhusa. Usipokishika, kijiti hakisogezi kitu. Pedi yangu iliwahi kuanguka kifudifudi juu ya benchi, kijiti kikabonyea, na mashine haikutikisika kwa sababu bega halikushikwa.

Ubaya wake ni kwamba kijiti ni cha mwendo. Kusafiri kutoka kona hadi kona, safi. Kutafuta sehemu ya kumi ya milimita, utalia.

seremala_usiku

Nimewasoma. Basi nifanye pedi kwa safari ndefu na gurudumu kwa kumalizia? Na hilo gurudumu si nitalizungusha tu mpaka nifike?

bodi_na_solda

Hapo kwenye "nitalizungusha tu" ndipo biti zinapokufa. Chukua x100, mzunguko mmoja ni milimita 10. Ukizungusha mara mbili ndani ya sekunde moja umeagiza milimita 20. Tuseme Z yako ina kikomo cha milimita 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. Mkono umesimama, mashine bado inadaiwa milimita 10, na inazilipa kwa sekunde nzima nyingine ikielekea chini. Wewe unatazama kwa mshangao.

Kwa hiyo rimoti niliyotengeneza ina tabia mbili. Kwenye x1 na x10 kila kliki inaheshimiwa, hata ikichelewa. Kwenye x100 haihesabu deni: ikipita milisekunde 50 bila kliki, inatuma herufi 0x85. GRBL 1.1 inaelewa hiyo ni kufuta msogezo. Inapunguza mwendo kwa utaratibu na kutupa kilichobaki kwenye foleni. Haigusi kazi inayokatwa, kwa sababu inasikilizwa mashine ikiwa inasogezwa kwa mkono tu. Ukiwasha na mipaka ya programu (`$20=1`, baada ya kuitafutia mashine nyumbani, yaani pa kuanzia kuhesabu), amri ya `$J=` inayovuka meza inakataliwa tu, bila kengele.

Tatizo lako ni Uno. Ina laini moja ya mawasiliano na kompyuta imeishika. Ama rimoti ipite kwenye kompyuta, ama uhamie bodi ya ESP32 yenye FluidNC, au bodi ya grblHAL (zote mbili ni ndugu wa GRBL) yenye laini ya pili kwa ajili ya rimoti.

fundi_spana

Na kibodi ndogo ya namba isiyo na waya je? Kuna jamaa anaisifia.

bodi_na_solda

Kwa kusogeza hatua moja moja, sawa. Kwa kushikilia kitufe, hapana. Taarifa ya kuachia kitufe ikipotea hewani, programu inaamini bado umeshika.

mama_vibao

Niongeze la umbo, maana wengi huanza na saketi. Swichi ya mhimili (ya kuchagua X, Y au Z) iwe ya kuzungusha yenye ncha ndefu, kidole gumba kijue iko X au Z bila macho. Mimi nimebandika tone la gundi ngumu upande wa Z. Chora mishale kwa jinsi unavyosimama mbele ya meza. Na sumaku ya kuibandika kwenye fremu ni nzuri mpaka siku utakapokata chuma. Yangu ilirudi ikiwa na ndevu.

seremala_usiku

Nimeamua: pedi ya mtoto wiki hii, na bega liwe ruhusa. Mwisho wa mwezi bodi ya ESP32 na gurudumu la nyaya sita. Uyoga mwekundu nafunga kesho asubuhi kabla ya yote. bodi_na_solda, ile programu yako ya milisekunde 50 unaweza kuiweka hapa?

bodi_na_solda

Naiweka usiku, ngoja kwanza nifute matusi niliyoandika kwenye maelezo yake.