Mapango ya Amboni, Tanga: walioingia, tupeane uzoefu

mtoto_wa_Ngamiani: Wakuu, leo nimepita Kiomoni nikakuta basi la wanafunzi linakata kona ya mapangoni, mwili ukanisisimka. Semeni yaliyowakuta. Mimi kwenye lile tundu la kutambaa suruali ilichanika gotini.

Mama Swaumu: Harufu ya kinyesi cha popo. Basi.

chaki_nyeupe: Nilipeleka darasa la sita. Tumeonyeshwa jiwe la meli, jiwe la mamba, watoto wanacheka, hadi tukafika pale kwenye mzimu, watu wanapoweka ubani, marashi na sarafu. Mwongozaji akasema tuzime tochi tulione giza lenyewe. Jamani! Kiganja unakileta puani hukioni. Kimya, maji tu yanadondoka juu ya jiwe. Kuwasha, nahesabu vichwa: mmoja hayupo. Naita, sauti inanirudia. Mwongozaji karudi nyuma mbio, mimi nimebaki na watoto wanalia, kimoja kinaniambia, "Mwalimu, si wanasema pango linatokea Mombasa? Atakuwa ameshafika." Alikutwa kachuchumaa nyuma ya mwamba, ngumi kaikaza. Kuifungua: sarafu za mzimu!

Shangazi wa Pongwe: Yarabi! Alizirudisha?

chaki_nyeupe: Zote. Ila moja ilidondoka kwenye soksi tumeshafika mjini.

Shangazi wa Pongwe: Mwalimu, irudishe hiyo, na uende na mzee wa pale.

injinia_chokaa: Imani tu. Ni chokaa iliyoliwa na maji. Na hiyo njia ya Mombasa haipo, Wajerumani na Waturuki walipima 1994, pango refu kuliko yote halikufika hata kilomita.

Mdigo halisi: Walipima walikofikishwa. Osale Otango alijificha humo miaka ya 1950 askari wa mkoloni wanamtafuta, unadhani alikuwa anatokea mlangoni?

injinia_chokaa: Sasa alitokea wapi, Kilimanjaro, kama yule mbwa wa wazungu wanayesema alipotelea humo akaonekana huko?

Mdigo halisi: Usitukane wazee, kijana.

kiberiti: +1 kwa popo.

Bi Mkubwa Raskazone: Vaeni raba, mawe yanateleza.

kiberiti: Raba za nini, kandambili ikinasa unaiacha unakimbia.

mtoto_wa_Ngamiani: Wanene wakae nje na mikoba yetu.

Mama Swaumu: Nani mnene?

injinia_chokaa: Mwalimu, ile ya kwenye soksi ilikuwa shilingi ngapi?

chaki_nyeupe: Mia mbili. Ipo kwenye droo, siigusi.