Ukoo wa Kibosho 🌿: chuo cha Neema

Shangazi Stela, 19:04
Habari za jioni wapendwa. Neema form six kapata divisheni wani ya pointi 9, ECA, Economics B, Commerce C, Account D. Dirisha la vyuo linafungwa Ijumaa na kila mtu humu ana chuo chake kichwani, leo tumalize. Mimi nasema BCom, digrii ya biashara, Mlimani pale Chuo Kikuu cha Dar

Anko Deo, 19:31
Akili kanifuata mimi

Shangazi Stela, 19:31
Deo wewe ulipata ziro tulia

Anko Deo, 19:32
Ilikuwa four 😂 na boda yangu mnapanda bure

Mama Neema, 20:10
Mimi nataka ualimu wa biashara. Mtaala mpya wa sekondari umeweka somo la biashara lazima kwa kila mtoto, sasa nani atawafundisha

Shangazi Stela, 20:12
Wifi walimu wamejaa mtaani wanasubiri ajira huo mwaka wa ngapi

Baba Mkubwa Frank, 20:44
Samahanini, tunafunga mwezi ofisini. Stela BCom ni jina tu, swali ndani yake atasomea nini, kama ni uhasibu basi asome uhasibu wenyewe, chuo cha IFM au Mzumbe, maana CPA, ile mitihani ya uhasibu ya bodi ya NBAA, mwenye digrii ya uhasibu anaruka mitihani ya mwanzo na wengine wanaanzia chini. Ila hiyo D ya Account mmeiona?? Mtoto leja hazipendi, aende uchumi

Anko Deo, 20:46
Asome leja aje atuhesabie hela ya wale ng'ombe wawili 😂😂

Shangazi Stela, 20:46
Deo.

Mama Neema, 20:52
Muache aseme. Baba Neema aliishia form four ili mtu aende chuo, na mtu mwenyewe yumo humu

Baba Mkubwa Frank, 20:58
Shemeji hayo tuliyamaliza msibani

Mama Neema, 20:58
Mliyamaliza nyie

Bibi Mdogo, 21:03
*Imesambazwa mara nyingi* Sali sala hii kisha watumie watu 12 kabla ya saa sita usiku 🙏🙏

Babu, 21:20
Naandikiwa na mjukuu. Nimesomewa yote. Mimi nilisomea Chuo cha Ushirika hapo Moshi kabla hakijawa chuo kikuu, nikawa karani wa chama cha msingi, kahawa yenu yote ilipita kwenye kalamu yangu. Uhasibu wanafundisha, masoko wanafundisha. Neema atalala kwangu. Ada ya mwaka wa kwanza nitatoa. Na ng'ombe walikuwa wangu, wasitajwe tena humu.

Baba Mkubwa Frank, 21:22
Tumekusikia baba

Mama Neema, 21:40
Asante baba

Shangazi Stela, 22:03
Sawa baba 🙏 ila anaruhusiwa kuomba vyote, vikimchagua viwili anathibitisha kimoja kwa ile namba ya siri inayokuja kwa meseji, kwahiyo Moshi tunaweka na Mlimani tunaweka. Nani anatuma hela ya maombi? Na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wa vizazi na vifo, bila hiyo Bodi ya Mikopo hawamuangalii

Shangazi Stela, 22:35
Naona mmesoma watu 27

Neema, 23:40
Shikamooni, simu alikuwa nayo mama. Asante babu. Mzumbe nilishaomba jana, uchumi. RITA ndo shida, cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Naemi, cha form four Neema. Nani alienda kuniandikisha?

Anko Deo, 23:41
🚫 Ujumbe huu umefutwa