Wakuu, nibadilishe kadi ya grafiki au nitafute kompyuta nyingine kabisa?

Nusu Kanda (mwanzisha uzi)
Habari za muda huu wakuu. Nipo njia panda, naomba ushauri wa haraka. Nina Dell yangu i5, RAM GB 8, SSD ipo. Naeditia video za harusi na sendofu kwenye Premiere Pro. Ilikuwa inapiga kazi vizuri tu, ila siku hizi nikishusha klipu za 4K kwenye taimulaini inakatakata, sauti inatangulia, picha inabaki nyuma. Kurenda (kutoa video nzima iliyokamilika) ndiyo usiseme, naiacha inalala inafanya kazi. Bwana harusi anapiga simu asubuhi na jioni. Bajeti yangu laki tisa. Niongeze kadi ya grafiki iliyoshiba au ninunue mashine nyingine? Wanaojua tafadhali, kejeli sitaki.

Ngoja Waje
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa paleee.

Mzee wa Tufaha
Uza hiyo Dell, ongeza hela, chukua Mac mini M4. Mjadala umefungwa.

Bi Kiroho Safi
Mjadala haujafungwa, mzee wangu. RAM ya hiyo Mac haiongezwi, unayonunua nayo ndiyo unakufa nayo. Na laki tisa haifiki.

fundi_waya
Mkuu, "Dell i5" haitoshi. i5 zipo tangu 2009. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32, utuwekee System Model na Processor. Halafu tuambie kava likoje: refu la kusimama au lile jembamba la ofisini? Hapo ndipo penye jibu lote, maana kadi siyo RAM ya kuchomeka na kusahau. Inataka nafasi, inataka umeme.

Nusu Kanda
Ni OptiPlex 9020, i5-4590. Kava la kawaida tu mkuu. Nachouliza mimi ni kadi ipi.

fundi_waya
9020 zipo kava zaidi ya moja. "La kawaida" ndiyo lipi?

Nusu Kanda
Lile dogo. SFF.

fundi_waya
Ahaa. Ungeanza na hilo. Pawa saplai yake ni wati 255, na haina waya hata mmoja wa kulisha kadi. Umeme wote wa kadi utatoka kwenye sloti, ambayo mwisho wake ni wati 75. Kadi yenyewe lazima iwe ya nusu kimo, ndefu haifungi kava. Usifikirie kubadili pawa saplai kirahisi pia: waya mkuu wa hiyo Dell ni wa pini 8, siyo 24 kama za kawaida, kwa hiyo utahitaji adapta na kava jingine.

Kadi zinazoingia humo bila waya: GTX 1050 Ti ya nusu kimo, Quadro P1000 (wati 47), T1000 (wati 50), RTX 3050 ya GB 6 (wati 70). Zile zinazochukua upana wa sloti mbili, pima nafasi kwanza kwa rula. RX 6400 iruke. Inatumia njia 4 tu za PCIe, yaani za sloti ya kadi, na haina chipu ya kusimba video, sasa mtu wa kurenda ataifanyia nini?

Kibao cha Mbuzi
Na ukienda kununua 1050 Ti za bei ya kutupa, angalia nyuma. Ukiona tundu la VGA, lile la bluu la zamani, weka chini uondoke. Chipu za familia ile hazitoi VGA, kwa hiyo ukiiona jua karibu kila mara ni kadi ya kizazi cha zamani cha GTS 450 iliyoandikwa upya biosi, yaani programu yake ya ndani. Windows itakuambia ni 1050 Ti bila aibu. Programu ya GPU-Z ndiyo inayoumbua, inaandika FAKE mbele ya jina.

Nusu Kanda
Asanteni, ila hizo kadi ndogondogo nasikia hazifai 4K. Kuna mtu ananiuzia RTX 3060 ya GB 12 kwa laki nane na nusu. Ukweli nimeshamwachia laki tatu ya kuishika. Na siyo kwamba nimekurupuka, hii kadi itanifaa hata nikija kununua mashine kubwa baadaye. Kompyuta yenyewe haina shida yoyote, sioni kwa nini niitupe.

Bi Kiroho Safi
Kwa hiyo umeshalipa ndipo unaomba ushauri. Vijana wa siku hizi mnataka baraka, siyo ushauri.

Ngoja Waje
Hahaha, kashatoa mahari anauliza kama bibi harusi ni mzuri.

fundi_waya
3060 inakula wati 170 na inataka plagi ya pini 8. Haiingii humo. Na fundi asikudanganye na ule waya wa kugeuza plagi ya SATA kuwa pini 8. Plagi ya SATA imepimwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, wewe unataka kuibebesha zaidi ya hapo kwa mbali. Inayeyuka plastiki, na moshi ukiuona umeshachelewa.

Nusu Kanda
Lakini mbona tuliijaribu kwenye hiyo hiyo Dell ikawaka? Taimulaini tu ndiyo iliendelea kukatakata. Nikajua labda ni draiva.

Kibao cha Mbuzi
Chai hii wakuu. Soma tena: kadi haina pa kuchomeka umeme, kava halifungi, yeye anasema iliwaka. Dakika ishirini zilizopita alikuwa anauliza kadi ipi, sasa kumbe ameshaijaribu. Huyu ndiye muuzaji mwenyewe, anapima upepo wa bei ya 3060 iliyotoka kuchimba sarafu za mtandaoni. Bila picha sichangii tena.

Mzee wa Tufaha
Nilishanusa mapema. Modi, uzi huu uhamie jukwaa la hadithi.

Nusu Kanda
Jamani siyo chai! Fundi alifungua kava, akachukua ule waya bapa wa kurefusha sloti, kadi ikakaa mezani. Umeme akatoa kwenye pawa saplai nyingine ya wati 550, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipini ili iwake. Sikusema mwanzo maana nilijua mtanicheka. Muuzaji aliiruhusu kwa nusu saa tu.

fundi_waya
Hiyo inawezekana kabisa, Kibao. Ni jaribio la mezani, siyo la kuishi nalo, lakini inawaka.

Na sasa ndiyo umesema kitu cha maana kuliko vyote. 3060 nzima ilikuwa inafanya kazi na taimulaini bado ilikatakata. Ulifungua Task Manager? Upande wa GPU, kile kigrafu cha Video Decode kilikuwa ngapi?

Nusu Kanda
CPU ilikuwa asilimia 100. Hicho kigrafu kilikuwa 0 muda wote. Ndiyo maana nikasema draiva.

fundi_waya
Siyo draiva. Unashutia kamera gani?

Nusu Kanda
Zamani a6400. Sasa hivi tunakodi Sony A7 IV.

fundi_waya
Ndiyo hiyo. Kompyuta haijachakaa, ulichobadilisha ni kamera.

Shusha programu ya MediaInfo, fungua klipu moja, angalia mistari miwili: Bit depth na Chroma subsampling, yaani kiasi cha rangi kilichohifadhiwa kwenye video. a6400 inatoa biti 8, 4:2:0, ambayo hata i5 yako inaifungua kwa chipu yake ya video. A7 IV kwenye XAVC S (mfumo wa Sony wa kurekodi) ukiiweka 4:2:2 biti 10 inakuwa H.264, yaani video iliyobanwa, ya aina ambayo RTX 3060 haina mzunguko wa kuifungua. Wala 4090 haina. Kwa Nvidia, 4:2:2 imeanza kufunguliwa na kadi za mfululizo wa 50. Kwa hiyo kazi yote inaangukia prosesa yenye koa (core) nne, kadi inakaa inatazama. Itakusaidia rangi na efekti, kukatakata kutabaki palepale.

Njia ya bure ni hii. A7 IV inaweza kurekodi proksi (nakala ndogo nyepesi ya klipu) yenyewe wakati inashuti. Washa Proxy Recording, chagua XAVC S HD. Ukirudi na kadi ya kamera, fungua PRIVATE, M4ROOT, kisha SUB. Utakuta faili ndogo zenye S03 mwishoni mwa jina. Usizifute kama watu wanavyofanya wakidhani ni takataka. Kwenye Premiere teua klipu kubwa, kitufe cha kulia, Proxy, Attach Proxies. Kisha weka kitufe cha Toggle Proxies chini ya Program monitor ukiwashe. Ukirenda, Premiere inarudi yenyewe kwenye faili kubwa. Kurenda kutabaki polepole, sikudanganyi.

Nusu Kanda
Na harusi ambayo nimeshashuti bila proksi?

fundi_waya
Hapo hapo kwenye Proxy, chagua Create Proxies, ProRes ya proksi, nusu ya ukubwa. Iache usiku. Saa moja ya video kwa 1080p inakula kama GB 17 mpaka 20, hakikisha diski ina nafasi.

Bi Kiroho Safi
Akitaka kubadili mashine je? Windows 10 ilishaachwa na Microsoft tangu Oktoba 14, 2025, na prosesa ya kizazi cha nne kama yake haikubaliki rasmi kwenye Windows 11.

fundi_waya
Kweli, hiyo Dell siku zake zinahesabika. Siku akinunua, achukue kava refu lenye pawa saplai ya kawaida na i5-12400. Isiwe 12400F, hiyo F maana yake grafiki ya ndani haipo, na hiyo grafiki ndiyo inayofungua H.265 ya 4:2:2 biti 10. Halafu kamera ahamishie XAVC HS, ambayo ndiyo hiyo H.265. Kwa 4K humo 25p (fremu 25 kwa sekunde) haipo, ashuti 50p.

Kibao cha Mbuzi
Basi yaishe, nimerudi. Kama hela ya 3060 hairudishwi na unaichukua kwa ajili ya mashine ya baadaye, ipime kwa GPU-Z: shaders 3584, basi ya biti 192. Ukiona 3840 ni chipu ya laptopu iliyobandikwa kwenye kadi. Ukiona biti 128 ni ile ya GB 8.

Nusu Kanda
MediaInfo imesema 10 bits, 4:2:2. Nimetengeneza proksi za klipu sita kujaribu, zinateleza kama hazina akili nzuri. Nimempigia muuzaji, kasema hela harudishi ila anaweza kunipa vitu vya laki tatu. Ana RAM za GB 8 za DDR3, bei rahisi sana. Nichukue?

fundi_waya
Soma stika kabla ya kutoa jibu. Ikiandikwa PC3-12800R, hiyo R ni ya seva, kwenye 9020 haitawaka. Unataka PC3-12800U au PC3L-12800U. Chukua mbili, salio akupe SSD ya kuwekea proksi.