Mjadala: Majengo makubwa yalazimishwe kununua ubaridi kutoka kituo kimoja?

Mleta mada

Wadau, pale ambapo ofisi, hoteli, hospitali, maduka makubwa na viwanda vinajengwa kwa kusongamana, je, sheria imlazimishe kila mwenye jengo anunue maji baridi kutoka kituo cha pamoja, badala ya kujaza mitambo yake juu ya paa? Nasema ndiyo, alazimishwe, ila bei ikiachwa mikononi mwa mwenye kituo nitakuwa wa kwanza kupinga.

Kituo hupoza maji hadi nyuzijoto 5 au 6, pampu huyasukuma kwenye mabomba yaliyofukiwa, na kila jengo huchukua ubaridi wake kisha huyarudisha yakiwa na nyuzi 13 au 14. Chila, yaani mashine ya kupoza maji, ikiwa kubwa na inayopozwa kwa maji huondoa takribani vipimo 6 vya joto kwa kipimo 1 cha umeme. Zile za juu ya paa zinazopozwa kwa hewa huwa karibu na 3. Lakini faida ninayoiona kubwa zaidi ni ya saa. Ofisi hulemewa na joto alasiri, hoteli jioni, kiwanda usiku na mchana. Kila mmoja akijitegemea, hununua mashine za kumtosha siku ile moja ya joto kali kuliko zote, na siku zilizobaki zinafanya kazi nusunusu huku zikila umeme vibaya. Kituo kimoja huwatosha wote kwa mitambo michache, na kikiwa na tangi kubwa kinapoza maji usiku ili yatumike mchana, umeme unapogombewa.

Kwa nini kulazimisha? Kwa sababu mabomba hulipiwa mwanzoni na hayahamishiki. Nusu ya majengo yakijitoa, waliobaki wanabebeshwa gharama yote. Singapore walitunga sheria ya jambo hili mwaka 2001, na huduma katika eneo lao la Marina Bay ikaanza 2006, tena chini ya mdhibiti wa serikali.

Mtunza jengo

Mleta mada, kwenye karatasi umemaliza kila kitu. Mimi ndiye ninayepokea ankara. Mkataba wetu una tozo mbili: ya ubaridi tuliotumia, na ya uwezo tuliouomba wakati jengo linachorwa. Mchoraji aliomba mwingi ili asije akalaumiwa, na sasa tunaulipia hata ghorofa zikiwa tupu. Hakuna muuzaji mwingine wa kumkimbilia. Huko kuokoa umeme unakokusifu kunaingia mfukoni mwa nani?

Mleta mada

Hapo umegusa penyewe, ndugu yangu, na ndiyo maana nimetaja mdhibiti. Anayelazimishwa kununua asilipe zaidi ya ambayo angetumia kujipozea mwenyewe. Na uwezo uliokadiriwa kwenye michoro upimwe upya jengo likishakaliwa, tozo ishuke kufuata vipimo halisi. Bila hivyo tumempa mtu ukiritimba na kuuita utunzaji wa nishati.

Fundi mitambo

Wakuu, naunga mkono mtandao, ila hata bei ikiwa ya haki unaweza kufa ukiwa mzima. Wateja wengi wana vali mbovu na koili (mabomba membamba ya maji baridi yanayopoza hewa ya jengo) zilizoziba vumbi, hivyo maji yanarudi kituoni na nyuzi 9 badala ya 13. Tofauti kati ya maji yanayokwenda na yanayorudi ikishuka kutoka nyuzi 8 hadi 4, inabidi usukume maji mara mbili kwa ubaridi ule ule, na kwenye bomba lile lile nguvu ya pampu hupanda karibu mara nane. Kituo kinawasha chila ambazo hazikuhitajika, na kuokoa kote kunayeyuka. Mteja anayerudisha maji baridi atozwe zaidi, anayerudisha ya moto apunguziwe. Nimeona majengo yakisafisha koili kwa hiari baada ya kuona mstari huo kwenye ankara.

Na kwa viwanda, msikaze kamba kwa wote. Ghala la kugandisha chakula linataka baridi chini ya sifuri. Maji ya nyuzi 5 hayalifai. Kiwanda kingine kinatupa maji ya nyuzi 90 kila siku. Joto hilo linaweza kuendesha chila za kufyonza, zinazopoza kwa nguvu ya joto na kutumia umeme kidogo sana, kwa hiyo huyo awe muuzaji kwenye mtandao, asiwe mnunuzi tu.

Mdau wa maji

Mbona hakuna anayetaja maji? Minara ya kupozea, inayotupa hewani joto la chila za kituo, huvukiza takribani lita 1.5 kwa kila kilowati-saa ya joto inayotupwa. Mnaokoa umeme na kukausha visima.

Mleta mada

Ni kweli, na hili halina jibu moja. Toronto, tangu 2004, huvuta maji ya baridi kutoka kina cha mita 83 katika Ziwa Ontario, hutumia ubaridi wake, kisha maji yenyewe yanaendelea kwenye mabomba ya kunywa ya jiji. Paris hutumia mto Seine. Pasipo na ziwa wala mto, minara itumie majitaka yaliyosafishwa, kama inavyofanyika Dubai, na bomba la maji hayo lichorwe pamoja na la ubaridi kabla barabara haijawekwa lami. Eneo ambalo chanzo chake cha maji hakijaonyeshwa kwenye michoro, mimi mwenyewe nitapinga wenye majengo kulazimishwa.