Mjadala: Kansas iliposa maabara ya virusi. Je, nani atakarabati bomba?

MTOA MADA
Wakuu salaam, shikamoo kwa wanaostahili. Wengi wetu hudhani maabara ya vimelea hatari ni mzigo ambao serikali humtwisha mtu asiye na mtetezi. Kansas, jimbo la Marekani, haikutwishwa. Ilipeleka posa, tena na mahari juu.

Kwa wasioijua habari yenyewe: tangu 1954 Marekani ilikuwa ikichunguza ugonjwa wa miguu na midomo kwenye kisiwa cha Plum, New York, maji pande zote. Majengo yakazeeka. Mwaka 2006 Wizara ya Usalama wa Ndani ikatangaza inatafuta pa kujenga maabara mpya, NBAF, yenye ngazi ya nne ya usalama, ile ya juu kabisa, na mabanda ya kuingiza ng'ombe wazima. Yakaja maombi 29. Georgia, Mississippi, North Carolina, Texas na Kansas zikafika fainali pamoja na kisiwa chenyewe, na Desemba 2008 ikachaguliwa Manhattan ya Kansas (si ile ya maghorofa). Makadirio ya awali yalikuwa dola milioni 451. Jengo lilipozinduliwa Mei 2023 bili ilikuwa imefika bilioni 1.25, na zaidi ya milioni 300 katika hizo zilitoka Kansas yenyewe.

Msimamo wangu: maabara inahitajika, ila pale walikosea. Kansas ina ng'ombe karibu mara mbili ya watu! Mwaka 2010 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti ilipitia hesabu za wizara ikasema kwa data hizo hizo uwezekano wa virusi kutoroka na kuambukiza mifugo nje, ndani ya miaka 50, ni karibu asilimia 70, na hasara ni dola bilioni 9 hadi 50. Wizara ikarudi 2012 na hesabu mpya: asilimia 0.11. Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, umeruka hatua. Ile 70 ilikuwa ya mchoro wa mwanzo. Baada ya hapo jengo lilichorwa upya na kuimarishwa. Huwezi kumhukumu mtu kwa nyumba ambayo hakuijenga.

MTOA MADA
Sawa, nakubali mchoro ulibadilika. Lakini kamati nyingine ya Baraza lile lile ilisoma hesabu ya pili ikasema wizara imeishusha hatari mno. Kutoka 70 hadi 0.11 si marekebisho hayo, ni muujiza.

MCHANGIAJI WA PILI
Naishi Kansas mwaka wa kumi na sita sasa. Hapa hoja ilikuwa kazi, heshima ya chuo kikuu cha jimbo kilichopo Manhattan, na vijana wasihamie mijini. Wenyeji wangu wengi waliifurahia. Ila wazee wa hapa watakukumbusha kwamba Juni 2008, wizara ikiwa bado haijaamua, tonado iliupiga mji huo huo wa Manhattan na kuvunja majengo ya chuo. Jirani yangu hucheka akisema mbingu zilitoa maoni yao kabla ya wizara.

Na si kila mtu alitaka. Butner, North Carolina, wananchi walikataa mpaka wabunge wao wakaacha kuiunga mkono maabara. Walikuwa na gereza na hospitali ya wagonjwa wa akili pale pale, wakauliza kitu chepesi tu: siku ya hatari, hawa mtawahamishaje?

MCHANGIAJI WA TATU (mtaalamu wa mifugo, Longido)
Ndugu zangu, mnaongea kama huu ugonjwa uko mwezini. Mimi nimeshika ng'ombe mwenye miguu na midomo kwa mikono hii. Mate yanamning'inia kama nyuzi hadi chini, ukimfungua mdomo ngozi ya ulimi inabaki kwenye vidole vyako, anatikisa mguu mmoja kama aliyekanyaga moto. Wakubwa wengi hupona. Ila maziwa yanakatika na ndama hufa.

Orodha ya kazi za NBAF someni vizuri. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa Naivasha miaka ya 1930. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa Kenya mwaka 1921. Haya ni magonjwa yetu, na kuyachunguza hatukuhitaji kisiwa. Chanjo ya sotoka, ugonjwa uliokuwa ukimaliza ng'ombe, aliyoitengeneza daktari wa mifugo Plowright, ilitoka Muguga, nje kidogo ya Nairobi, ng'ombe wanachunga jirani. Sotoka leo imefutwa duniani, ilitangazwa 2011. Mngewaambia waende kisiwani, tungekuwa bado tunazika ng'ombe.

MTOA MADA
Daktari, heshima yako. Hapo kwa Muguga umenibana, na sitajifanya sijabanwa. Ila angalia tofauti. Sotoka tulikuwa nayo tayari zizini, maabara ilikuja kuifukuza. Marekani haijaona miguu na midomo tangu 1929. Kwao maabara ndiyo inayoleta ugonjwa nchi kavu, na siku ukionekana nje, masoko ya nyama ya nchi za nje yanafungwa kabla hujamaliza kuhesabu waliokufa.

Tena kisiwani kuna sharti: ukitoka maabara, siku tano usimkaribie mnyama mwenye kwato. Kisiwani rahisi. Kansas, mke wa mtafiti akiwa na shemeji mfugaji, Jumapili inakuwaje?

Lakini kinachonikosesha usingizi ni bomba. Agosti 2007, Pirbright, Uingereza, eneo lenye maabara za heshima kabisa. Virusi havikutoroka kwa kimbunga wala kwa mtu mwovu. Mabomba ya maji machafu yalikuwa ya zamani, mizizi ya miti imepenya, mifuniko ya mashimo haikukaza. Mvua ikanyesha, udongo ukalowa, malori ya ujenzi yakaubeba kwenye matairi. Ng'ombe wa jirani wakaugua. Na kabla ya hapo watu walikuwa wameshabishana ofisini nani alipie kurekebisha yale mabomba.

Sasa mahari ya Kansas ilijenga ukuta. Mwaka wa thelathini, gavana mwingine, bajeti imebana, kichujio cha hewa kinataka kubadilishwa na hakuna kamera. Hiyo haikuwa kwenye posa ya yeyote kati ya wale 29, na ndiyo maana naona kisiwa kilikuwa bora: kinasamehe uzembe. Nchi ya ng'ombe haisamehi.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Kisiwa nacho kilivuja, 1978. Wanyama wa nje ya jengo waliambukizwa.

MTOA MADA
Kweli kabisa. Na ulikomea kisiwani. Ndiyo hoja yangu hiyo.

MCHANGIAJI WA TATU
Mwanangu, kuhusu kisiwa bado nakukatalia, mfugaji anahitaji mtaalamu aliye karibu. Kwenye bomba sikukatalii. Kijijini kwetu kuna josho la kuogeshea ng'ombe lililozinduliwa kwa ngoma na mbuzi watatu. Mwaka wa pili dawa ikakosa wa kuinunua. Juzi nimepita pale, mwenye duka amehifadhi mkaa ndani.