Nililia kwenye mkesha nikaahidi pesa ya macho ya mama. Naombeni ushauri

fundi_cherehani
Wakuu, shalom. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza, nina mke na watoto wawili. Si mtu wa kulialia. Baba nilimzika macho makavu, ndugu wananisema hadi leo.

Ijumaa iliyopita tulikuwa kwenye mkesha. Kwenye saa nane usiku wakaimba wimbo wa msalaba, taratibu, ngoma zimenyamaza, dada mmoja anarudia mstari uleule kwamba deni limelipwa. Nikajikuta nimepiga magoti kwenye saruji, kamasi na machozi vimechanganyika. Nikawaza: huyu kanipa uhai wake, mimi nimempa nini? Hapohapo zikapita bahasha za ahadi ya ujenzi. Nikaandika 450,000, nikasaini.

Hiyo pesa ipo, iko kwenye simu ya mke wangu. Tumeidunduliza tangu Februari kwa ajili ya mama yangu. Yuko Sengerema, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Siku hizi anakutambua kwa sauti, na akimimina chai anatumbukiza kidole kikombeni ajue imefika wapi.

Nilipomwambia mke wangu hakugomba. Aliendelea kukunja nguo. Tangu Jumamosi tunaongea habari za chumvi na mkaa tu.

Nauliza hivi: yale machozi yalikuwa ya Roho au ya kinanda? Na ahadi nishaiandika, Mhubiri 5 inasema ukiweka nadhiri usichelewe kuiondoa. Nifanyeje? Wa kulitukana kanisa langu apite tu.

Msukuma_Halisi
Pole mkuu. Ila saa nane usiku, njaa, usingizi, halafu bahasha? Mimi ningesaini hata hati ya shamba la babu.

mpiga_kinanda
Niko kwenye kinanda mwaka wa 11 huu, acha nikupe siri za jikoni. Ngoma zikinyamaza, mkono wa kushoto unashikilia sauti moja nzito, ndefu. Mwimbaji anarudia mstari mara sita, saba. Ya nane napandisha ufunguo nusu toni, yaani wimbo mzima unapanda juu kidogo. Hapo mikono inanyanyuka kanisa zima, najua kabla haijatokea.

Sasa cha ajabu, na mimi nalia. Najua kabisa nimebonyeza nini na bado nalia. Kwa hiyo siwezi kukuambia hakuwa Roho. Ninachokataa ni kutangaza sadaka kinanda kikiwa bado kinalia. Nilimwambia mchungaji wangu: muziki uishe, watu wakae, matangazo yasomwe, ndipo bahasha zitoke. Alininunia wiki mbili.

katekista_mstaafu
Mwanangu, swali lako la kwanza ni la kale. Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, alibatizwa Milan mwaka 387, na anasimulia mwenyewe jinsi nyimbo za kanisa lile zilivyomliza. Baadaye, kwenye Maungamo yake, akawa na wasiwasi: kuna wakati sauti inamgusa kuliko maneno yanayoimbwa, na hilo analihesabu kuwa kosa. Hata hivyo hakusema nyimbo ziondolewe. Kwa hiyo mtu akikucheka kwa kulia, mwache. Jiulize tu ulikuwa unalilia maneno au sauti ya yule dada.

Jeshi_la_Bwana
Nadhiri ni nadhiri. Toa kwa imani, Mungu atamfungua mama macho. Shetani ndiye anayekuletea mahesabu.

Mama Neema
Jeshi la Bwana, soma Marko 7, kuanzia mstari wa 9. Yesu anawasema watu wanaomwambia mzazi, "kile ambacho ningekusaidia nacho ni Korbani," yaani kimeshawekwa wakfu kwa Mungu. Anasema wanalitangua neno la Mungu. Ni kesi hii hii, kasoro bahasha.

Fundi mdogo wangu, neno dhabihu lenyewe asili yake ni Kiarabu, ni kuchinja. Na mtu huchinja cha kwake. Daudi alipopewa bure kiwanja cha kupuria na ng'ombe wa sadaka alikataa, akalipa shekeli 50 za fedha, hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Mwaka 1874 Frances Ridley Havergal wa Uingereza aliandika wimbo wa kujitoa, ndani yake akimwambia Mungu achukue fedha yake na dhahabu yake. Miaka minne baadaye akafungasha vito vyake, karibu 50, akavipeleka kwa shirika la wamisionari. Vito vyake, si vya mama mkwe.

Wewe umechinja mbuzi wa mama, na kamba alikuwa ameishika mkeo.

Nadhiri usiikimbie lakini. Walawi 27:8 inasema maskini asiyeweza kutimiza aende kwa kuhani, naye atamkadiria kwa kadiri ya uwezo wake. Nenda kwa mchungaji. Ila anza na mkeo, na usianze na mistari ya Biblia. Anza na "nimekosa."

Msukuma_Halisi
Kamba alikuwa ameishika mkeo 😂 Mama Neema umeua.

fundi_cherehani
Nimerudi, wakuu. Jana nilimwambia mke wangu nimekosa. Akaniuliza, "Kwa Mungu au kwangu?" Nikasema kwako kwanza. Akacheka kidogo, akasema kumbe unajua.

Leo tumeenda wote kwa mchungaji. Amechana ile bahasha mbele yetu, akauliza mimi mwenyewe ninaweza nini. Nimesema mapazia ya kanisa jipya, kushona bure, vitambaa wanunue wao. Ni kama wiki tatu za usiku, na umeme wenyewe mnaujua. Mama anakuja Jumatatu.

Mpiga kinanda, hiyo nusu toni mtu asiyejua muziki anaitambuaje? Jumapili nataka niisikie ikija.