Shairi la Mamba: kama kila mtu alijua anayesemwa, kufumba kulisaidia nini?

msomaji_tanga: Wadau habari zenu. Nimerudia Sauti ya Dhiki, diwani ya mshairi wa Mombasa Abdilatif Abdalla, na lile shairi la Mamba halinitoki, yule mamba anayejiona hafi wala hakuna wa kumgusa. Wengi wanasema ni Mzee Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya, na serikali yake. Sasa kama mnajua nyote, si bora angemtaja tu?

mtu_wa_mvita: Ndugu yangu kusema waziwazi alishasema! 1968 alitoa kijitabu cha Kenya: Twendapi?, akaikosoa serikali ya chama cha KANU bila kuzunguka kwa vile ilivyokuwa inaibana KPU, chama cha upinzani, ikasambazwa kwa siri, wakamkamata na 1969 akafungwa miaka mitatu, kijana wa miaka 22. Mashairi kayatunga humohumo jela, anaandika kwenye karatasi za chooni, zinatolewa nje kwa siri. Hebu fikiria karatasi kama ile inashikwa ina jina la Mzee. Halafu kitabu kikatoka 1973 na mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta, jina lilelile! Yaani maneno ya wazi yalimpeleka kizuizini, ya fumbo yakapita mlangoni mwa mkubwa mwenyewe. Mimi kila nikikumbuka hilo damu inanisisimka.

mwalimu_wa_bara: Hapo kwenye tuzo nakubali ila tusisahau msomaji wa kawaida. Kimvita kile, lahaja ya Mombasa, wanafunzi wangu wanakisoma kwa tabu, wakimaliza mamba wanamuona mamba tu wa mtoni. Fumbo linamkinga mtunzi lakini raia anayeonewa je, naye anapata nini?

bi_tungo: Mwalimu, kwa heshima zote, mashairi yale si ya kusomwa kimya darasani. Muyaka, mshairi wa Mombasa wa zamani, alipokuwa anamtungia Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar aliyeitaka Mombasa, watu waliyasikia, wakayashika kwa moyo, ndio maana yalibaki midomoni miaka mingi baada ya mji kuchukuliwa 1837 na yeye mwenyewe kufa, mpaka yakaja kuandikwa. Waghanie wanafunzi wako kwa sauti, kwanza wape habari za KPU na 1969, kisha waulize mamba ni nani. Usiwaambie wewe.

mwalimu_wa_bara: Hapo sawa Bi, wiki ijayo naanza na historia kwanza.

msomaji_tanga: Nashukuru wakuu. Hiyo ya Twendapi inapatikana wapi siku hizi nzima nzima?